Je, Shule za Serikali Zifungwe Siku za Sikukuu za Dini?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, kabla ya mjadala juu ya mfuko wa kambi ya masomo. Inachapwa kama ilivyosomwa.)



Katibu aliponiandikia alinipa dakika ishirini na kichwa cha maneno ambacho tayari kilikwisha tungwa. Kichwa nimekikubali. Dakika nitajitahidi. Mimi ni mwalimu mstaafu, na mwalimu mstaafu akipewa watu wasioweza kutoroka darasani ni hatari.

Jambo lenyewe mnalijua. Liko pendekezo mezani kwamba chama chetu kichange fedha ili vijana wa kidato cha nne wakae shuleni wakisoma mfululizo hadi siku ya mtihani wa taifa, Pasaka na Idd zote mbili zikiwemo. Walimu watapewa posho, wapishi watalipwa, na kengele italia siku hizo kama siku nyingine yoyote. Walioleta pendekezo hili ni watu ninaowaheshimu. Mmoja wao tulikaa naye dawati moja miaka miwili. Wanasema shule za watu binafsi zinafanya hivyo na majina yao tunayasoma kila matokeo yanapotoka. Mimi nimesimama kulipinga, ingawa si lote, na nitaeleza ni kipande kipi.

Tuanze na hesabu, maana naona watu wanazungumza kama kwamba sikukuu zinakula nusu ya mwaka. Sheria ya nchi yetu inatambua siku nane za dini. Wakristo wana nne: Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Krismasi na siku inayofuata Krismasi. Waislamu wana nne: Idd-el-Fitri siku mbili, Idd-el-Haji siku moja, na Maulidi siku moja. Nne kwa nne. Nimesikia watu wakisema waliopanga hivyo walikuwa na mizani mkononi, na huenda ni kweli. Mwaka wa masomo wa shule zetu unahesabiwa kuwa na siku 194 hivi. Krismasi na siku ya pili yake huwa zinaangukia likizo ya Desemba, kwa hiyo hazigusi kipindi hata kimoja. Zinabaki sita. Hata zote sita zikiangukia siku za kazi, ni siku tatu katika kila mia. Na mara nyingi haziangukii zote. Mwaka 2023 Ijumaa Kuu iliangukia tarehe 7 Aprili, ambayo tayari ni sikukuu ya Karume, na Idd-el-Fitri ikawa Jumamosi. Mwaka 2024 ndio uliowauma walimu wa taaluma: Ijumaa Kuu tarehe 29 Machi, Jumatatu ya Pasaka tarehe 1 Aprili, Idd tarehe 10 na 11 Aprili, halafu Muungano tarehe 26. Kwa wiki nne mwalimu wa hisabati alikuwa anaanza mada na kuiacha njiani. Hilo ninalikubali. Lakini ni mwaka mmoja, na ilikuwa hivyo kwa sababu mwezi wa Kiislamu unarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka ukalingana na kalenda yetu. Kwa mwendo huo huo Idd-el-Fitri ilikuwa Novemba mwaka 2003, 2004 na 2005, ikakaa katikati ya majira ya mitihani. Na mwaka 2030 tutaona Ramadhani ikianza mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Anayepanga ratiba ya shule bila kuangalia mwezi hataacha kushangaa kila mwaka.

Sasa nawauliza wenzangu: wakati wetu ni siku ngapi zilipotea kwa sababu nyingine? Barabara ya Kasulu hadi Kibondo kabla ya lami mnaikumbuka. Muhula ulifunguliwa Jumatatu, na wengine tuliingia Alhamisi tukiwa na tope hadi magotini kwa sababu lori lilinasa. Siku za kutafuta kuni. Siku za kuchota maji pampu ilipokufa. Wiki nzima za wale waliorudishwa nyumbani kutafuta ada, ambalo jambo hilo, tushukuru, liliondoka kwa kidato cha kwanza hadi cha nne Januari 2016. Sikumbuki hata mmoja wetu aliyefeli kwa ajili ya Maulidi.

Kwa hiyo sipendi kulitazama jambo hili kama la siku zinazopotea. Kwangu swali ni hili: ni nani hulazimika kuomba ruhusa, na ni nani hahitaji kuomba?

Mwanafunzi Mkristo hajapata kumwandikia Mkuu wa Shule barua ya kuomba Krismasi. Haombi kwa sababu likizo ndefu imeizunguka Krismasi tangu zamani, wala yeye mwenyewe hajui kama kuna kitu amepewa. Jumapili vile vile. Mimi ni Mkristo, na nilikaa shuleni humu miaka minne bila kujua kuwa wiki nzima ilikuwa imeshonwa kwa kipimo changu. Kijana Mwislamu naye ana Idd yake kisheria, lakini inamjia usiku, kwa kuandama kwa mwezi, baada ya tangazo la Mufti redioni. Mnakumbuka mwalimu wa zamu amekaa na redio yake kibarazani saa tatu ya usiku, na vijana wamejibanza kwenye maua wakisikiliza kabla yake? Tena wapo wanaofuata mwandamo wa nchi nyingine na husali Idd siku moja kabla ya wenzao. Huyo siku yake haimo katika sheria, na lazima aombe. Ijumaa adhuhuri anaomba tena. Halafu yuko Msabato. Huyu haombi mara moja kwa mwaka. Anaomba kila wiki, kwa sababu masomo ya ziada siku hizi yamewekwa Jumamosi karibu kila mahali.

Wasabato katika nyanda hizi si wageni. Hospitali ya Heri imetibu wazee wetu tangu kabla ya Uhuru, na watu waliitembelea kwa miguu kutoka mbali. Mapadri Weupe walifika Ujiji mwaka 1879, mji ambao tayari ulikuwa na Waislamu wake na biashara yake, na baadaye misheni zikapanda huku juu kwa Waha. Waanglikana wana dayosisi yenye makao yake Kasulu tangu 1966. Wapentekoste wako kila kijiji. Na wapo wazee wetu ambao hawakubatizwa wala hawakusilimu, na siku zao za mizimu hazimo katika kalenda ya mtu yeyote. Kila mmoja wa hao alileta watoto katika shule yetu. Zamani watoto hawa wangesoma mbalimbali. Shule ya misheni ilifunga siku ya mtakatifu wake, na chuo cha Kurani huko pwani kilipumzika Alhamisi na Ijumaa, na hapakuwa na ugomvi kwa sababu kila mmoja alikuwa kwake. Serikali ilipozichukua shule za misheni, kwa sheria ya mwaka 1969, iliwaweka wote chini ya paa moja na kengele moja. Ninaamini lilikuwa jambo jema, moja katika mambo mema kabisa nchi hii iliyoyafanya. Lakini kengele ikiwa moja, lazima watu wakubaliane lini inyamaze.

Mimi ni mtoto wa Mtendeli, huko ambako siku hizi ni wilaya ya Kakonko na wakati wetu ilikuwa Kibondo. Wengi wenu mnalijua jina hilo kwa ajili ya kambi ya wakimbizi. Iliwapokea Warundi miaka ya 1990, ikafunguliwa tena mwaka 2016, na mwisho wa mwaka 2021 ikafungwa, watu wakahamishiwa Nduta. Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, hatukuhitaji mkalimani. Mama mmoja Mrundi aliniuliza sokoni, siku ya Alhamisi, mbona watoto wetu wamevaa sare na wanaelekea shuleni, na leo ni siku ya Bwana kupaa mbinguni? Nikamwambia kwetu siku hiyo shule ziko wazi. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba kwetu jua linachomoza magharibi. Burundi ni mwendo mfupi tu kutoka pale, na kule Kupaa ni sikukuu ya taifa, Kupalizwa Mbinguni tarehe 15 Agosti ni sikukuu ya taifa, na Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba ni sikukuu ya taifa. Zote hizo kwetu ni siku za kazi. Mkatoliki wa Mtendeli na Mkatoliki wa ng'ambo wanasoma misale ile ile, lakini mmoja yuko kanisani na mwingine yuko kwenye jaribio la jiografia. Nimelitafakari swali la mama yule mara nyingi kuliko alivyodhani. Lilinifundisha kwamba orodha ya sikukuu hakuna aliyeshuka nayo kutoka mlimani. Ni mapatano ya watu wa nchi fulani, na kila nchi ina yake.

Wako watakaosema: Serikali yetu haina dini, basi shule ya Serikali isifunge kwa ajili ya dini yoyote, mambo yakaisha. Ni hoja ya watu wenye akili na sitaidharau. Katiba yetu inasema nchi haifungamani na dini. Lakini Katiba hiyo hiyo, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa kuabudu, na haikusema uhuru huo uanze saa kumi jioni baada ya vipindi. Ufaransa walitenga dini na Serikali kwa sheria ya mwaka 1905, nao ni wakali katika jambo hilo kutupita mbali. Hata hivyo shule zao hufungwa siku ya Kupaa, na likizo yao ya vuli mpaka leo inaitwa kwa jina la Watakatifu Wote. Sikiliza na hili la Marekani. Katika wilaya ya Montgomery, jimbo la Maryland, Waislamu waliomba Idd iandikwe katika kalenda ya shule kama zilivyoandikwa sikukuu za Wakristo na Wayahudi. Mwezi Novemba 2014 bodi ya shule ikaamua kufuta majina ya sikukuu zote za dini katika kalenda. Majina yakafutwa, lakini siku za mapumziko zikabaki pale pale zilipokuwa! Krismasi ikawa mapumziko yasiyo na jina, na Idd ikabaki siku ya masomo. Hapo ndipo ninapoogopa hoja ya kutofunga kabisa. Atakayefungiwa mlango ni yule ambaye siku yake haikuzungukwa na likizo. New York walichagua njia nyingine: mwaka 2015 waliziingiza Idd mbili katika kalenda ya shule zao za umma, na mwaka 2023 wakaongeza Diwali.

Basi shule yetu ifunge kila mtu anapokuwa na siku yake? La. Nikianza na Kupaa, kesho nitaongeza Watakatifu Wote, kesho kutwa kila kanisa litaleta mwanzilishi wake, na vijana, ambao ninawajua, watagundua dini tatu mpya kila muhula. Ninachosema ni kwamba siku nane zilizomo katika sheria ziheshimiwe kikamilifu: kengele isilie, daftari lisifunguliwe, na asitokee mtu na fedha zake, hata kama ni fedha zetu za chama, akainunua siku hiyo. Siku nyingine shule iwe wazi, lakini mwanafunzi mwenye ibada asipangiwe jaribio siku hiyo, asichapwe, wala asiandikwe mtoro. Kenya jambo hili lilifika mahakamani. Wasabato walilalamika kwamba watoto wao katika shule za umma wanalazimishwa masomo ya Jumamosi, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliwapa haki. Sitaki kijana wa shule hii alazimike kutafuta wakili ili apate kusali. Mkuu wa Shule anaweza kulimaliza kwa karatasi moja ubaoni.

Sasa nije kwenye hoja ya wenzangu iliyo nzito kuliko zote, maana kuipita pembeni si haki. Wanasema: mtoto wa bweni siku ya Idd au Pasaka hana pa kwenda. Kwao ni mbali, nauli hakuna. Anakaa ukutani akihesabu magari. Si afadhali asome? Tena wanasema anayeumia kwa siku hiyo ya bure ni mtoto wa maskini, kwa kuwa wa tajiri anaye mwalimu wa nyumbani. Hilo ni kweli tupu, na ninakiri linanisumbua.

Ila waliokaa bweni wanajua kuwa shule ya bweni haifungwi kamwe. Siku ya sikukuu watoto wako pale pale, wanakula, wanalala. Kinachofungwa ni kengele tu. Na siku ambazo kengele ilinyamaza ndizo tulizojuana. Nilikuwa kiranja wa bwalo kwa mwaka mmoja, na kazi yangu ilikuwa kuhesabu sahani. Siku ya Idd sahani hazikupungua hata moja. Vijana wa Kilutheri, wa Kikatoliki, wa Kipentekoste, wote walisilimu saa saba mchana, wakarudi katika dini zao saa nane pilau lilipokwisha. Ng'ombe au mbuzi akichinjwa, alichinja Mwislamu, mwaka mzima, ili sufuria liwe moja. Hakuna aliyepiga kura juu ya hilo, na hakuna Mkristo aliyeona amepungukiwa. Nilikuja kutambua thamani ya sufuria lile mwaka 2013, niliposikia kwamba huko Buseresere, mkoani Geita, watu wamepigana juu ya nani achinje na mchungaji ameuawa. Ni safari ya siku moja kutoka hapa. Jumatatu ya Pasaka, vijana wa Kiislamu ndio waliochukua zamu ya kuchota maji ili sisi tuwahi ibada na mpira, nasi tukawalipa siku ya Idd. Hapakuwa na mwalimu aliyepanga. Mkipeleka darasa la kidato cha nne kwenye fizikia siku hiyo, wanaobaki kufanya zamu ya nani ni akina nani?

Kisha angalieni nani atakayelipa gharama ya pendekezo lenyewe. Kambi hii itapita juu ya Pasaka na juu ya Idd, lakini Krismasi haitaguswa, kwa sababu Desemba mtihani utakuwa umekwisha na vijana wako kwao. Itapita juu ya Jumamosi zote, lakini Jumapili asubuhi, nimesoma karatasi ya mhazini, imeachwa kwa ajili ya ibada. Sidhani kama aliyeandika alikuwa na nia mbaya. Aliandika kwa kalamu ile ile iliyoshona wiki kwa kipimo changu na chake. Lakini kijana Msabato atakayeisoma karatasi ile ubaoni ataelewa kwa dakika moja kile ambacho mimi nilikielewa nikiwa na mvi.

Tena mwalimu naye ni mtu. Posho ya siku ya Idd kwa mwalimu Mwislamu ni posho ya namna gani? Akikataa ataonekana hapendi matokeo mazuri. Akikubali, watoto wake watakula sikukuu bila baba.

Ninachounga mkono ni hiki. Fedha zichangwe, na zisipungue hata shilingi. Ziende kwenye masomo ya jioni siku za kazi, kwenye vitabu, na kwenye taa za madarasa. Kama kuna saa za ziada za wikiendi, zigawanywe nusu Jumamosi na nusu Jumapili alasiri, kila somo lifundishwe mara mbili, na kijana achague mara yake. Ni gharama zaidi, najua, mhazini ameshaanza kutikisa kichwa. Siku za sikukuu, chama kitoe kitu kwa ajili ya bwalo: mchele, nyama, mafuta, na migebuka kwa wasiokula nyama. Maktaba iachwe wazi kwa anayetaka kusoma kwa hiari yake, lakini pasiwe na orodha ya mahudhurio mlangoni.

Ndugu Mwenyekiti, naona umeitazama saa. Nina ombi moja la utaratibu. Pendekezo lililoko mezani limefunga mambo mawili katika fundo moja, yaani fedha na siku. Naomba lifunguliwe, tupige kura mbili. Na kabla wakubwa hawajainua mikono, kuna vijana wa kidato cha nne wamekaa mstari wa nyuma, kama ishirini hivi, ambao wao ndio watakaokaa darasani au wasikae. Naomba nafasi ya kwanza ya kusema wapewe wao, na walimu wao wakubali kutoka nje kidogo wanapozungumza.